Samsung Galaxy A54: muundo, kioo, sauti na utendaji wake vinatosha kwa matumizi ya miaka minne?

Mwalimu_wa_Kahama:

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu kuhusu Samsung Galaxy A54 5G, ile iliyotoka Machi 2023. Natafuta simu ya daraja la kati nitakayoitumia kwa muda usiopungua miaka minne, kwa kuwa mshahara wa mwalimu hauruhusu kubadilisha simu kila toleo jipya linapotangazwa.

Matumizi yangu ni haya. Nasoma nyaraka za PDF, nyingi zikiwa ni karatasi zilizopigwa picha na si maandishi halisi, najaza alama za wanafunzi kwenye mfumo, nina makundi mengi ya WhatsApp ya wazazi na ya walimu wenzangu, natazama mpira, na narekodi mazoezi ya kwaya ninayoiongoza kanisani. Natumia laini mbili, moja ikiwa na M-Pesa na nyingine Airtel Money, na sitaki kuacha hata moja. Sehemu kubwa ya mchana nipo nje, ambako jua la huku halina huruma, na simu niliyo nayo sasa ni lazima niikinge kwa kiganja ndipo nisome ujumbe.

Muuzaji mmoja amenionyesha simu mbili. Ya kwanza ni hiyo A54 yenye RAM ya GB 8 na hifadhi ya GB 256, mpya kwenye boksi lake. Ya pili ni Infinix Note 30 Pro, ambayo bei yake ni nafuu zaidi, na kwa maelezo ya muuzaji ina RAM ya GB 16, spika za JBL, chaji ya wati 68 na tundu la kuchomeka earphone. Ukisoma makaratasi peke yake, ya pili inaishinda ya kwanza karibu katika kila mstari, na muuzaji mwenyewe aliniambia waziwazi kwamba A54 ni simu iliyopitwa na wakati. Hata hivyo, wenzangu wawili wanaoitumia wanaisifu.

Ningependa kusikia kutoka kwa wanaozifahamu: nizipime vipi simu hizi nikiwa dukani, kabla ya kutoa fedha, katika mambo manne ya muundo, kioo, sauti na utendaji? Naomba tusiingie kwenye ubishi wa kampuni gani ni bora.

Ngosha_Dodoma:

Mwalimu, nitaanza na kioo, kwa sababu malalamiko yako makubwa ni jua, na hapo ndipo simu hizi zinapoachana na makaratasi yake.

A54 ina kioo cha Super AMOLED cha inchi 6.4, chenye pikseli 1080 kwa 2340 na uwezo wa kuhuisha picha mara 120 kwa sekunde. Samsung inataja mwangaza wa hadi niti 1000 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo), wakati A53 iliyoitangulia ilitajwa kuwa na 800. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi ni kwamba kiwango hicho hakipatikani kwa kusogeza kitelezi cha mwangaza hadi mwisho. Hupatikana pale tu ambapo umewasha mwangaza wa kujirekebisha wenyewe na kihisi cha simu kimeona kwamba kweli upo juani. Watu huzima kipengele hicho wakidhani wanaokoa chaji, kisha wanasema kioo cha simu ni hafifu.

Kwa hiyo ukifika dukani usiridhike na zile picha za maua na samaki walizoziweka kwa ajili ya kuvutia macho. Omba simu zote mbili, washa mwangaza wa kujirekebisha katika kila moja, toka nazo hadi mlangoni penye jua, fungua ukurasa mweupe wenye maandishi madogo na usome. Ukiweza, tumia moja ya hizo PDF zako zenye kurasa hafifu, kwani macho yako yatatoa hukumu haraka kuliko tarakimu yoyote. Na ukishanunua, usiweke protekta ya faragha, ile inayomzuia jirani kuona, maana hula mwanga mwingi na utarudi palepale pa kukinga simu kwa kiganja.

Kuhusu rangi, simu za Samsung huja zimewekwa kwenye mpangilio wa rangi kali ambao hupendeza dukani lakini huongeza chumvi. Kwenye mipangilio ya kioo upo mpangilio wa rangi za asili. Kwa mtu anayesoma kutwa nzima, huo ndio unaotuliza macho. Kumbuka pia kwamba katika AMOLED kila pikseli inajitolea mwanga yenyewe, na penye weusi pikseli huzimika kabisa, ndiyo maana mandhari nyeusi huokoa chaji. Ubaya wake kwako ni kwamba PDF ni ukurasa mweupe, na ukurasa mweupe ndio unaokula betri kuliko kitu kingine chochote kioo kinachoweza kuonyesha.

Hizo mara 120 kwa sekunde utazifurahia unapopitisha kidole kwenye orodha ndefu ya ujumbe, lakini kwa kusoma hazikuongezei chochote. A54 hubadilisha kati ya 120 na 60, haishuki chini ya hapo kama zile za bei kubwa. Siku ukiwa mbali na umeme, iweke kwenye 60 na uendelee na kazi. Infinix nayo ina AMOLED ya mara 120, tena pana zaidi, inchi 6.67, kwa hiyo hapo usidhani unalinganisha mbingu na ardhi. Tofauti utaiona nje, wala si ndani ya duka.

Tarakimu:

Nakubaliana na Ngosha, ila mimi nataka kuigusa ile RAM ya GB 16, kwa sababu namna ya kuitangaza inakera. Infinix Note 30 Pro ina RAM ya GB 8. Nane nyingine ni sehemu ya hifadhi ya kawaida ambayo mfumo huiazima ili kuweka programu ambazo huzitumii kwa wakati huo. Samsung nao wana kitu kilekile kwenye A54, wanakiita RAM Plus, isipokuwa hawakijumlishi kwenye boksi kwa maandishi makubwa. Hifadhi ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM halisi, kwa hiyo nane na nane hazifanyi kumi na sita. Kwa maana hiyo, katika RAM simu zako mbili zipo sawasawa.

Zinapotofautiana ni kwenye prosesa. A54 inatumia Exynos 1380, yenye viini vinane, vinne vikiwa ni Cortex-A78 vyenye nguvu na vinne Cortex-A55 vya kazi nyepesi. A53 ilikuwa na Exynos 1280, ambayo ilikuwa na viini viwili tu vya A78, na hapo ndipo lilipo badiliko kubwa kati ya matoleo hayo mawili, ingawa kwa nje watu waliona mabadiliko ya kamera tu. Infinix inatumia Helio G99, yenye viini viwili vya Cortex-A76, ambavyo ni vya zamani kuliko A78, na sita vya A55. Tena G99 inaishia 4G, wakati A54 ina 5G; kama mtandao wa 5G haujafika ulipo, hilo lisikupandishe bei leo, lakini umesema miaka minne.

Je, utaiona tofauti? Kwenye WhatsApp na M-Pesa, kwa kweli hapana, au kidogo sana. Utaiona ukifungua PDF ya kurasa mia mbili zilizopigwa picha, ukiipekua haraka huku mfumo wa alama ukiwa wazi kwenye kivinjari na video imepigwa pause kwa nyuma. Hicho ndicho kipimo ninachokushauri ukifanye dukani: fungua kazi zako halisi, zote kwa pamoja, kisha rudi kwenye ile uliyoianza na uangalie kama simu inakupa ukurasa uleule au inaanza kuupakia upya. Mizani ya alama za majaribio inayotolewa na programu kama AnTuTu inapima sekunde chache za nguvu zote, na wewe hutumii simu kwa namna hiyo.

Joto nalo lipimwe. Simu yoyote ikipata moto hupunguza mwendo wa prosesa ili isijidhuru, na wakati huohuo hupunguza mwangaza wa kioo. Kwa mtu wa juani, hayo mawili huja kwa pamoja, na wakati mwingine lawama inaelekezwa kwenye kioo ilhali chanzo ni joto. Rekodi video ya dakika kadhaa ukiwa nje, kisha ishike kwenye upande wa kamera.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona linalizidi hayo yote, na ambalo muuzaji hakukueleza vizuri aliposema simu imepitwa na wakati. A54 ilitoka ikiwa na Android 13, na Samsung iliahidi matoleo manne ya Android na miaka mitano ya masasisho ya usalama. Miaka hiyo mitano ilianza kuhesabiwa simu ilipotoka, haisubiri siku utakayofungua boksi. Inaishia 2028. Ahadi ya Infinix ni fupi zaidi ya hapo, kwa hiyo haikusaidii. Lakini kama unataka miaka minne kamili ukiwa na programu za fedha za laini mbili humo ndani, basi linganisha pia na A55 ya 2024, ambayo ina ahadi ileile ya miaka mitano inayoishia 2029, au A56 ya 2025, ambayo Samsung iliiahidi miaka sita. Bei ya A54 ikiwa karibu na ya A55, mimi nisingeigusa A54 hata ikiwa bado na nailoni yake.

Bi_Mvita:

Salaam kutoka Mombasa. Mwalimu, mimi hurekodi maulidi na maharusi, kwa hivyo la sauti nitakueleza kwa urefu kidogo, maana naona wenzangu wameliruka.

A54 ina spika mbili. Moja ipo chini karibu na tundu la chaji, na ya pili ni ileile ya kusikilizia unapopigiwa, iliyo juu ya kioo. Hazilingani kwa nguvu. Ya chini ndiyo yenye besi na ndiyo inayobeba kazi, ya juu inaisaidia ili sauti isitoke upande mmoja. Ukiilaza simu kutazama mpira, kidole chako kitaangukia kwenye ile ya chini, na mara moja utasikia mtangazaji amekimbilia chumba cha pili. Jaribu kuishika namna hiyo dukani kabla ya kununua, kwa sababu kila mtu ana mshiko wake.

Usipime sauti kwa muziki pekee. Muziki uliotengenezwa studio husikika vyema hata kwenye spika dhaifu. Cheza maneno matupu, mathalani taarifa ya habari, na baada ya hapo kwaya yenye sauti za juu na za chini kwa pamoja, kisha panda hadi mwisho. Spika ikizidiwa, herufi kama *s* na *sh* huwa kali hadi masikio yanauma, na sauti ya nne ya kwaya hupotea kabisa. Funika tundu moja kwa kidole, sikiliza jingine peke yake, halafu ubadilishe. Mkwaruzo mdogo unaojificha zikiwa mbili utajitokeza hapo.

Jina la JBL kwenye ile nyingine lina maana yake, ila isizidishwe. Linakuambia kwamba sauti imerekebishwa kwa kushirikiana na kampuni hiyo. Halikuambii kwamba ndani ya simu nyembamba kumetiwa spika kama lile la kubeba mnalolijua. Samsung nao wana Dolby Atmos, kipengele cha kuifanya sauti isikike pana zaidi, kwenye mipangilio. Kwa maneno matupu huwa naizima, kwa filamu naiwasha.

Linalokuhusu zaidi ni tundu la earphone, ambalo A54 haina. Usidhani utanunua kile kiungio cha bei rahisi cha USB-C na mambo yakaisha. Simu hizi za Samsung hazitoi sauti ya analogia kupitia tundu la chaji, kwa hivyo viungio vitupu visivyokuwa na DAC, yaani kile kifaa kidogo cha kugeuza sauti ya kidijitali, havifanyi kazi kabisa. Uliza chenye DAC ndani, ukijaribu hapohapo na simu yenyewe. Na ukikichomeka, huwezi kuchaji kwa wakati huohuo. Earphone za bluetooth ni sawa kwa mpira, kwani programu za video hulinganisha picha na sauti, lakini kama unakusudia kupiga kinanda cha kwenye simu ili kuwapa waimbaji noti, utaona sauti inachelewa kufika sikioni. Kwa mtu wa kwaya, hapo Infinix imekushinda na mimi sitakuficha.

Mwalimu_wa_Kahama:

Nawashukuru sana nyote, hasa kwa ile hesabu ya 2028, ambayo sikuwa nimeifikiria. Nimerudi kuuliza, na A55 waliyo nayo inazidi A54 kwa kiasi ambacho kwangu si kidogo, wakati A56 ipo mbali kabisa na mfuko wangu.

Bado nina maswali mawili. Mgongo wa A54 ni wa kioo, nami natumia pikipiki kila siku. Je, si afadhali plastiki? Na je, nitaweza kutumia laini zangu mbili na memori kadi kwa wakati mmoja? Mazoezi ya kwaya yana video nyingi.

Fundi_Aggrey:

Mwalimu, nianze na la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi. Huwezi. Sehemu ya pili ya laini kwenye A54 ndiyo hiyohiyo ya memori kadi, kwa hiyo unachagua moja. Baadhi ya matoleo yake yanakubali eSIM, yaani laini isiyo na kadi ya kuchomeka, ambayo ingekuachia nafasi, lakini hilo hutegemea soko simu ilikotoka na mtandao wako, kwa hiyo liangalie kwenye mipangilio ya laini kabla hujalipa. Lakini umesema ina GB 256. Ukiwa na tabia ya kuhamishia video kwenye kompyuta ya shule, memori kadi hutaililia.

Kuhusu mgongo, A54 imewekewa Gorilla Glass 5 mbele na nyuma, na fremu yake ni ya plastiki. A53 ilikuwa na mgongo wa plastiki na uzito wa gramu 189. Hii ni gramu 202. Walichokifanya ni kuifanya ifanane na ndugu zake wa S23, na kwa nyuma bila kava unaweza hata kuidhania hivyo, kwa kuwa kamera tatu zimepangwa vilevile, kila moja na duara lake. Mimi kama fundi sioni faida ya kioo cha nyuma zaidi ya kupendeza. Kinateleza mkononi, kinateleza juu ya kiti cha pikipiki, na kikipasuka kazi ya kukibandua inahitaji joto na subira. Nunua kava ya mpira yenye kingo zinazopanda juu kidogo ya kamera, kwa sababu kamera zenyewe zimejitokeza.

Ina IP67, maana yake imepimwa kuhimili maji yasiyo na chumvi ya kina cha mita moja kwa dakika 30, na vumbi haliingii. Kwa barabara zenu za vumbi hiyo ni sifa ya kweli, na ningeilipia. Mambo mawili yaeleweke. Kipimo hicho hakihusu maji ya chumvi, Bi Mvita ananisoma. Na pili, simu ikishafunguliwa na fundi, ule ubandiko wa kuzuia maji umevunjika, na hata ukirudishiwa gundi mpya usiitegemee tena kama ilivyotoka kiwandani.

Hapo ndipo penye hatari ya hizi zinazoitwa mpya kwenye boksi miaka kadhaa baada ya kutoka. Boksi linaweza kuwa jipya na simu ikawa imeshafunguliwa na kubadilishwa kioo. Piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, uilinganishe na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090, namba ya uhakiki ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, uone jibu linataja aina gani ya simu. Baada ya hapo, kwenye sehemu ya kupigia piga *#0*#. Itafunguka menyu ya majaribio ya Samsung: ipo rangi nyekundu, kijani na bluu kwa ajili ya kutafuta pikseli zilizokufa, upo mguso wa kioo kizima, zipo spika na mtetemo. Kaa hapo kwa utulivu, hata muuzaji akinuna.

Kioo cha kubandikwa kinajitambulisha kwa njia mbili ambazo ni vigumu kuzificha. Fungua picha nyeusi kabisa kisha uifunike simu gizani, hata ndani ya koti. AMOLED halisi itakuwa kama imezimwa, wakati kioo cha LCD kitaonyesha mng'ao wa kijivu kutoka nyuma. Halafu sajili alama ya kidole. Kisomaji cha A54 kipo chini ya kioo na kinasoma kwa mwanga unaopita kwenye AMOLED, kwa hiyo ukiwekewa LCD hakiwezi kufanya kazi. Muuzaji akikuambia "hiyo sehemu huwa inasumbua tu, weka namba ya siri", mrudishie simu yake.

Ngosha_Dodoma:

Naongeza dogo: hakikisha pia kwamba haijafungiwa mtandao wa nje, ingiza laini zako zote mbili na upige simu kwa kila moja. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani zina namba ya modeli inayoishia na herufi U, SM-A546U, na nyingine hazina sehemu ya laini ya pili. Kwetu inayofaa ni SM-A546E.

Tarakimu:

Kama tofauti ya A55 ni kubwa kiasi hicho, Mwalimu, basi chukua A54, ila bei ishuke. Ilipotoka Marekani ilikuwa dola 449.99, na sehemu ya miaka yake mitano imeshatumika ikiwa dukani, jambo ambalo una haki ya kulisema mezani unapozungumza na muuzaji. Uliza pia chaji, kwa sababu A54 haiji na chaji ndani ya boksi, bali waya peke yake. Inapokea wati 25 na si zaidi, hivyo usiuziwe chaji ya wati 65 kwa bei kubwa ukiahidiwa kwamba itajaza haraka.

Mwalimu_wa_Kahama:

Nimeelewa. Jumamosi nitakwenda na PDF zangu, rekodi ya kwaya na laini zote mbili, na nitamwambia muuzaji suala la 2028 kabla hatujaanza kutaja bei. Bi Mvita, hicho kiungio chenye DAC, nikiambiwa dukani kwamba kinacho, nitakijuaje bila kukifungua?

Bi_Mvita:

Hutakijua kwa macho, Mwalimu. Kichomeke kwenye hiyo A54, tia earphone za waya, na ucheze rekodi yako. Sauti ikitoka kwenye earphone, kinacho. Ikiendelea kutoka kwenye spika za simu, hakina, hata kama kimeandikwa nini.